Mwenyeji na Minazi ya Wageni

Yule mama alikuwa na minazi mingi kuliko nyumba yoyote upande wetu wa Mambrui, na bado alikuwa akija kwetu kuomba nazi.

Alikuja na bakuli lake la bati, akasimama nje ya ua na kupiga hodi. "Mwanangu, mamako yupo? Niazimeni nazi moja, leo nataka wali." Nyuma yake, ng'ambo ya njia, nazi zilikuwa zinaanguka zenyewe mchangani, pu, pu. Mamangu alimtazama yeye, akazitazama zile nazi, akamtazama yeye tena.

"Shoga, wewe ni mzima?"

"Mzima, alhamdulillahi."

"Na zile kule ni nini?"

"Zile? Zile zina wenyewe."

Akapokea nazi yetu, akarudi kwake akizipita zile zilizolala chini kama mtu anayepita mawe. Mimi nilikuwa nimeketi barazani nashona kofia. Nilikuwa nimemaliza darasa la saba, sina shule ya kwenda, na kazi yangu ilikuwa hiyo ya sindano. Si msemaji, kwa hivyo niliona mengi. Lakini hilo la nazi sikulizoea hata siku moja. Kila alipokuja na bakuli nilishtuka upya.

Sote tulimwita Mwenyeji, wakubwa kwa wadogo. Kiwanja chake kilikuwa baina ya barabara na bahari, mahali gari likitoka Malindi na kuvuka daraja la Sabaki laweza kuacha lami na kuingia mchangani bila kukwama. Hapo ndipo wasafiri walipolala. Walikuja wazungu na mahema yao na Landrova zilizojaa vumbi, walikuja madereva wa malori ya kwenda Lamu, walimu waliopelekwa kufundisha Tana na wake zao na magodoro yao. Malindi palikuwa na lojing'i, na palikuwa na kambi ya kulipia yenye bomba na taa. Kwa Mwenyeji palikuwa na kisima, choo cha makuti, na kivuli. Na palikuwa bure kabisa.

Bure lake lilikuwa na sharti moja. Kila aliyelala pale alipanda mnazi kabla ya kuondoka.

Alikuwa na miche amepanga nyuma ya nyumba, nazi zilizokwisha kutoa majani mawili matatu, mizizi ikichungulia kwenye makumbi. Asubuhi mgeni akiwa anakunja hema, Mwenyeji alimletea jembe na mche. Mgeni alichimba mwenyewe. Kama hajui kuchimba alifundishwa, tena kwa ukali. "Shimo gani hilo? Unamzika panya?" Mche ukishaingia, alimuuliza jina, akalisema kwa sauti mara tatu hivi ili limkae kichwani, na kuanzia hapo ule ulikuwa mnazi wa fulani. Huu wa Pita. Huu wa mwalimu wa Garsen. Huu wa yule bibi aliyekuwa na mbwa.

Msomaji wa bara huenda asielewe, kwa hivyo naeleza. Kwetu pwani ardhi yaweza kuwa ya mtu mmoja na mnazi juu yake ukawa wa mtu mwingine. Mnazi ni wa aliyeupanda. Ardhi ikiuzwa, mwenye mnazi hulipwa mnazi wake, na kama ana minazi mingi hawezi kuondoshwa kirahisi, maana kumlipa ni kazi. Ndiyo maana matajiri wengi wenye ardhi hapa huwakataza watu wao kupanda miti ya kudumu. Panda mahindi, panda mihogo, lakini mnazi usipande. Kiwanja cha Mwenyeji kilikuwa cha tajiri mmoja mzee aliyekaa Mombasa. Alimruhusu marehemu mume wa Mwenyeji kukaa pale na kupanda apendavyo, kwa neno la mdomo tu. Mzee yule alikuwa mtu wa neno lake. Lakini alikuwa mzee.

Kuhusu pesa sijaona mtu kama yeye. Kijana mmoja wa Kijerumani alijaribu kumlipa, akakataliwa, akajaribu tena.

"Ukinilipa," Mwenyeji akamwambia, "utakuwa umenunua usingizi wangu. Sasa mimi nitalala na nini?"

Yule kijana hakuelewa. Akaacha noti chini ya kikombe cha chai, akaondoka na wenzake. Mwenyeji alipoinua kikombe alipiga ukelele ambao sisi barazani tulidhani ameona nyoka. Akatoka mbio amejifunga leso moja, kichwa wazi, mwanamke ambaye haendi dukani bila buibui, akilikimbilia lile gari. "Mshikeni! Mshikeni huyo!" Watu wa njia panda wakasikia mshikeni, wakajua ni mwizi. Wakaweka mawe barabarani, wakaizunguka Landrova, mmoja tayari ameshika fimbo. Wale vijana wameinua mikono, nyuso nyeupe pe. Mwenyeji akafika anahema, akapenya katikati ya watu, akamtupia yule kijana noti yake mapajani.

"Kakuibia nini, mama?" watu wakauliza.

"Hakuniibia. Kanilipa!"

Nilimwona yule mwenye fimbo akiitazama fimbo yake kama hajui imefikaje mkononi.

Wala msidhani alikuwa mpole. Wema wake wote ulikuwa kwa mtu anayepita. Sisi majirani tulikula jeuri. Ndoo yake huazimi. Kisima chake unateka baada ya wageni. Mbuzi wetu alipovuka njia na kung'ata mche mmoja, alimkamata akamfunga kwenye nguzo ya jiko, na mamangu alipokwenda kumtaka akaambiwa, "Kwanza muombe radhi mwenyewe."

"Nimekuomba radhi, shoga yangu."

"Si mimi. Muombe Pita."

"Pita nani?"

Mwenyeji akamwonyesha ule mche uliong'atwa. Mamangu, mwanamke wa watu, mwenye adabu zake, binti wa mwalimu wa chuo cha Kurani, akasimama mbele ya kijiti chenye majani mawili akasema, "Pita, samahani." Mbuzi akafunguliwa. Nyumbani mamangu alikaa kitandani kwa muda, mkono shavuni.

Mamangu hakuwapenda wale wageni. "Mapaja nje, nywele kama makuti, hujui nani mume nani mke. Siku moja watatuletea balaa." Kwetu hakuna gari la mgeni lililowahi kuingia. Baba alipokuwa hai alilinunua lile eneo letu kwa hati, na uani kulikuwa na nafasi ya kutosha, lakini mamangu aliisema wazi: kwake si kambi.

Na Mwenyeji naye alikuwa na sheria zake juu ya mapaja. Karibu na kisima palikuwa na kamba imetundikwa leso kuukuu. Mwanamke wa Kizungu akitaka kwenda mjini Mambrui lazima ajifunge. Na kila walipofika wawili aliwauliza kwa mkono, akionyesha kidole cha pete: mmeoana? Wakisema hawakuoana, hema la huyu lilikwenda upande huu wa nyumba na la yule upande ule, na Mwenyeji katikati. Mchana mmoja aliwakuta wawili wa mahema mbalimbali wamo katika hema moja. Aling'oa vigingi kimoja kimoja, taratibu, na hema likawalalia wale watu humo ndani kama shuka. Tukawa tunaona viwiko na magoti vikitafuta mlango. Kisha huyo huyo akawapikia uji wa mtama na kuwapulizia upoe.

"Unawadhalilisha wageni," mjumbe wetu wa mtaa alimwambia siku ile. Alikuwa mzee mwenye kupenda usuluhishi.

"Wageni ni wangu," akajibu. "Nawadhalilisha na nawalisha."

Mwaka ule Mto Tana ulipofurika na barabara ya Garsen ikafungwa, kiwanja kilijaa hadi magari yakawa yameegeshwa kwenye njia yetu. Hakuna aliyeweza kwenda Lamu. Watu walikaa siku nyingi. Mwenyeji alizunguka na sufuria la mbaazi, sauti imemkauka kwa kuwapangia watu foleni ya choo, na uso wake, wallahi, ulikuwa uso wa bibi harusi. Walipoondoka waliacha mistari mizima ya miche kuelekea ufukweni. Alikwenda mstari kwa mstari akiyataja majina. Nilimfuata kwa macho kutoka barazani. Hakukosea, au kama alikosea alikosea kwa uhakika.

Kisha yule tajiri wa Mombasa akafa, na wanawe wakaiuza ardhi.

Aliyenunua alikuwa mtu wa kutaka kujenga hoteli. Sisi hatukumwona. Alimtuma wakala, kijana mwenye suruali iliyopigwa pasi na ndoo ndogo ya chokaa. Kazi yake ilikuwa kutia alama kila mnazi na kuandika ni wa nani, ili ajulikane wa kulipwa. Mtaa mzima ulijua maana yake. Mwenyeji alikuwa na nyumba ya udongo ambayo haikuwa na thamani, na hakuwa na hati. Lakini minazi ile! Mamangu, ambaye alikuwa hajamsamehe la Pita, alikwenda kwake mapema asubuhi kumwambia, "Shoga, leo Mungu amekutazama. Minazi yote hii, hawakuwezi. Ama watakulipa ukajenge nyumba ya mawe, ama watashindwa kukulipa waondoke."

"Inshallah," akasema Mwenyeji.

Tulikusanyika kutazama. Wakala alipita na brashi, mjumbe nyuma yake, shina la kwanza chokaa, la pili chokaa. Mwenyeji akachovya ncha ya leso yake kwenye ndoo ya maji, akaanza kumfuata. Chokaa inatiwa, yeye anafuta.

"Mama, unafanya nini?"

"Huu si wangu. Huu wa mwalimu wa Garsen."

Wakala akamtazama mjumbe. Mjumbe akatazama chini.

"Na huu?"

"Wa bibi mwenye mbwa."

"Sasa wako ni upi?"

Akaonyesha minazi mitatu kando ya kisima, mikongwe, aliyoipanda marehemu mumewe. "Hiyo niandikie."

"Na yote hii mingine?"

"Ina wenyewe."

"Wako wapi wenyewe?"

"Safarini."

Watu walicheka, wakadhani anamfanyia mzaha. Kisha wakaona hacheki. Mamangu akamshika mkono akamvuta pembeni, lakini kwa hamaki sauti yake ilisikika na wote. "Wewe! Sema ni yako! Nani atakuja kukuuliza, huyo Pita?"

"Nitasemaje uongo mbele ya watu?"

"Utalala wapi?"

"Niache, shoga."

Mjumbe alijaribu. Alimwambia wakala kwamba kwa desturi mlinzi wa mnazi naye ana haki yake, hata kama hakuupanda. Wakala alikuwa tayari kuandika, namkumbuka kalamu iko juu ya karatasi, anangoja. Hakuwa mtu mbaya. Mwenyeji akasema tena, polepole, kila mtu asikie: "Yangu mitatu. Mingine ina wenyewe. Shahidi ni nyinyi nyote." Kalamu ikashuka. Mitatu.

Nilikuwa nimemwona mtu anaifungua nyumba yake mwenyewe na kumkabidhi mgeni ufunguo.

Siku ya kuhama alinishtua zaidi. Hakulia. Alitoka na mikeka yake kichwani na sufuria la mbaazi mkononi, akapita katikati ya minazi ile, na alikuwa anatabasamu. Kweli kabisa, kama mtu aliyeficha kitu mfukoni. Akampa mamangu mkono, akaniambia, "Haya mwanangu, kofia njema," akapanda basi kwenda Kilifi kwa mpwa wake. Basi lilipoondoka mamangu akasema, "Akili zimemruka maskini." Hakuna aliyembishia.

Nilikwenda kumtembelea baada ya miezi kadhaa. Nilikuwa nimepeleka kofia kwa mfanyabiashara wa Kilifi, na moyo haukunipa kurudi bila kumwona. Mpwa wake alikuwa amepanga chumba Kibarani, huko huko Kilifi. Nilimkuta uani, ameketi juu ya kibao, sinia la mchele mapajani, anachagua mawe.

"Shikamoo, Mwenyeji."

"Marahaba! Marahaba, mwanangu! Karibu, karibu, lete mguu." Alikuwa amenenepa kidogo. Akanisogezea mkeka, akainama karibu kama mtu wa siri. "Haya nipe habari. Ameshindwa, sivyo?"

"Nani?"

"Mwenye hoteli."

Sikumwelewa. Akacheka akanipiga paja.

"Nyote mliniona mwendawazimu. Mamako pia, nilimwona uso. Sikiliza. Kama minazi ni yangu, ananilipa, anakata, basi. Anaweza kunimaliza kwa siku moja. Lakini kama ina wenyewe, na wenyewe hawapo, atamlipa nani? Na kama hajamlipa mwenyewe, atakataje? Nani anakata mnazi wa mtu? Itabidi angoje mpaka arudi Pita, arudi mwalimu, arudi bibi yule. Wengine wako Ulaya! Atangoja mpaka achoke auze, na mimi nitarudi kwangu." Akatupa jiwe la mchele nje ya sinia. "Tena sikusema uongo hata kidogo."

Aliendelea kuchagua mchele, akingoja nimsifu.

Ilibidi niseme. Sijui kwa nini hakuna aliyekuja kumwambia kabla yangu. Labda kila mtu alidhani anajua. "Mwenyeji, imekatwa."

"Ipi?"

"Yote."

Mikono yake ikasimama juu ya mchele.

Nikamwambia jinsi walivyokuja na misumeno ya mashine, na jinsi minazi ilivyoanguka mmoja baada ya mwingine kuelekea baharini, na kwamba hadi alasiri hapakuwa na kilichosimama isipokuwa ile mitatu ya kisimani, na hiyo nayo ilikatwa kesho yake.

"Alimwomba nani ruhusa?"

"Hakumwomba mtu."

"Lakini nilimwambia ina wenyewe."

"Ulimwambia."

"Mbele ya watu."

"Mbele ya watu."

"Na akakata?"

"Akakata."

Nimewaona watu wakipewa habari za msiba. Hulia, au huuliza saa ngapi. Yeye alinitazama mdomo wazi, na katika macho yake hamkuwa na huzuni bado. Mlikuwa na mshangao mtupu, kama vile nimemwambia bahari imeondoka. Katika maisha yake yote alikuwa hajafikiria kwamba mtu anaweza kufanya jambo lile. Alikuwa amefikiria kila hila ya yule mwenye hoteli, isipokuwa hiyo moja.

Akaweka sinia chini. Akasimama, akaingia ndani, akatoka amevaa buibui.

"Twende."

"Wapi?"

"Mambrui. Watu watarudi kutazama minazi yao. Wamkute nani? Huyo mwenye msumeno?"

"Utakaa wapi pale, Mwenyeji? Kumezungushwa ukuta."

"Barabara haikuzungushwa."

Mpwa wake alilia akamshika nguo, haikufaa kitu. Tulipanda basi pamoja hadi Malindi, na jingine hadi Mambrui. Njia nzima alikuwa akiyataja majina chini kwa chini, dirishani, bila kunitazama. Tuliposhuka jua lilikuwa bado liko juu. Ukuta wa mawe ya matumbawe ulikuwa umefika kifuani, na juu yake, pale palipozoea kuwa kijani, palikuwa na mbingu tu. Mwenyeji alisimama. Hakuusogelea. Alikunja buibui yake akaketi kando ya lami, mgongo kwa ukuta, uso kwa barabara.

Nikasimama karibu naye. Sikujua la kufanya. Ng'ambo ya njia nilikuwa naona ua wetu, na moshi wa jiko la mamangu.

Hatukungoja sana. Pikapu ilitoka upande wa daraja ikapunguza mwendo, mwanamume kwenye usukani, mkewe kando, nyuma watoto wamekalia mizigo. Sura zao sikuzijua, na Mwenyeji naye hakuzijua. Yule bwana akatoa kichwa dirishani.

"Salaam aleikum. Tunakwenda Lamu. Tumeambiwa huko nyuma kuna mama hapa hulaza wasafiri. Anaitwa Mwenyeji."

"Aleikum salaam," akasema Mwenyeji. Nilimwona anainua mkono wake kama alivyozoea, kuwaonyesha pa kuegesha, mkono ukafika nusu, ukabaki hapo hewani. Hapakuwa na pa kuonyesha. Katika miaka yote nilikuwa sijawahi kumwona mgeni akisimama mbele yake bila jibu.

"Si hapa?" yule bwana akauliza. Mtoto mmoja nyuma alikuwa anakohoa.

"Ni kwetu," nikasema. "Pale. Lango lile la makuti, ingizeni gari mpaka uani."

Yule bwana akashukuru, akaanza kugeuza usukani. Mwenyeji akageuka kunitazama, na ulikuwa uso ule ule wa Kibarani, mdomo wazi.

"Mamako anajua?"

"Atajua gari likiingia."